Nafasi Iliyogoma Kurudi

Damari alirudi kazini Jumatatu, siku kumi tangu aende Mtinko kumzika mama yake, na mtu wa kwanza kumkuta alikuwa mzee Mughwai. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya chumba cha mitambo, koti limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya upepo, karatasi mkononi. Damari alimwamkia. Mughwai hakuitikia. Mzee kukataa shikamoo ya mtu aliyetoka msibani si jambo dogo, na wafanyakazi waliokuwa wanapita koridoni walipunguza mwendo wasikie.

“Bibi Dorkas wa Ihanja hayupo,” alisema Mughwai. “Mzee Idrissa wa Mkiwa hayupo. Mwaka 2006 wote haupo. Vijana wamenifungulia hiyo kompyuta yenu tangu Ijumaa. Ni tupu.”

Damari alidhani mzee amekosea folda. Alimwambia hivyo, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na hilo likawa kosa la kwanza la siku hiyo. Mughwai alisimama akamtupia karatasi miguuni.

“Nilikupa kaseti mia sita na kumi na moja. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba ziko salama.”

Ilikuwa kweli. Mughwai alikuwa na miaka sitini na mitatu na sauti yake ilijulikana kuanzia Ikungi hadi Manyoni. Aliacha kazi redio ya serikali, na serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua vituo vyao, Mama Ritha, mfanyabiashara wa alizeti wa Manyoni, alianzisha Upepo FM mjini Singida na kumchukua mzee kama mtangazaji wake wa kwanza. Kwa miaka tisa Mughwai alizunguka vijijini kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akirekodi wazee: jinsi walivyohamishiwa vijiji vipya, jinsi walivyochimba visima katikati ya mawe, nyimbo za kupura uwele, majina ya njaa za zamani. Wengi wa waliosema mbele ya kinasa sauti chake walikuwa wameshakufa.

Damari, fundi wa kompyuta wa kituo, ndiye aliyemlazimisha azitoe kaseti zile. Mughwai alikataa mwaka mzima hadi Mama Ritha akamwandikia barua. Damari alitumia miaka miwili kuziingiza kwenye kompyuta, moja moja. Zilipokwisha aliandika ile hati ya makabidhiano, na kaseti zikawekwa stoo. Bati la stoo lilipovuja, meneja Melkizedeki alizitupa jalalani. Alimwuliza Damari kwanza. Damari alijibu kwamba hazihitajiki tena.

Kwa hiyo siku ile aliokota karatasi, akaingia chumba cha mitambo na kufunga mlango.

Kituo kilikuwa na seva moja, yaani kompyuta kuu. Ndani yake Damari alikuwa ametengeneza kompyuta tatu zisizo na mwili: moja ya matangazo, moja ya ofisi, na moja ya maktaba. Kila moja ilijiona ni kompyuta kamili yenye diski yake, kumbe diski hiyo ni faili moja kubwa lililokaa kwenye seva. Maktaba iliahidiwa giga mia sita, ofisi mia nne, matangazo mia mbili. Jumla ni giga elfu moja na mia mbili, wakati seva yenyewe ilikuwa na mia tisa na thelathini tu. Hapakuwa na udanganyifu. Faili la diski la aina ile huanza dogo na kukua kadiri mashine iliyo ndani inavyoandika. Sehemu ambayo haijawahi kuandikwa haichukui kitu. Ukiiuliza mashine ya ndani ina nafasi kiasi gani, inahesabu kutoka kwenye ahadi. Ukiiuliza seva, inahesabu kilichokwisha guswa. Ni majibu mawili tofauti, na yote ni ya kweli.

Damari aliingia kwanza ndani ya maktaba. Siku aliyoondoka kwenda Mtinko ilikuwa imetumia giga mia tatu themanini. Sasa ilikuwa imetumia tisini na sita, na ilijitangaza kuwa na nafasi ya kumwaga. Alitoka nje, akaiuliza seva kuhusu faili la maktaba. Seva ilisema mia nne, kama alivyoliacha.

Alikaa akitazama namba hizo mbili. Kama kaseti zisingeingizwa kamwe, faili lingekuwa dogo. Kama lilikuwa mia nne kwa nje na tisini na sita kwa ndani, basi kulikuwa na giga mia tatu hivi zilizowahi kuandikwa, kisha mtu akazifuta. Mashine ya ndani ikifuta kitu, inafuta jina tu kwenye daftari lake na kuandika kwamba mahali pale pako wazi. Haiambii seva. Seva inaendelea kushikilia sehemu ileile na kila kilichomo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Maana yake sauti zilikuwa bado zipo. Maana yake pia ni kwamba kila dakika maktaba ilipoendelea kuwaka, zilikuwa hatarini. Damari aliizima papo hapo.

Kisha alitazama ofisi. Faili lake lilikuwa limevimba hadi mia tatu na tisini, na lilijaa video za harusi. Tangu mwaka uliopita Melkizedeki alikuwa ameanzisha kikosi cha kupiga picha za harusi kwa jina la kituo, na video zote alizirundika kwenye mashine ya ofisi. Hata ile diski ya pembeni ya nakala za akiba, kikosi hicho kiliichukua. Damari alikuwa amemwandikia mara tatu kuhusu hilo. Katika seva nzima, nafasi iliyobaki ilikuwa giga tisa.

Hazikupita dakika kumi Melkizedeki akafungua mlango bila kubisha. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye kupenda mashati ya mikono mirefu, shemeji yake Mama Ritha, na tangu siku ya kwanza hakupenda kwamba kulikuwa na chumba katika kituo chake ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mwanamke. Aliuliza nani amezima maktaba, maana matangazo ya wateja yalikuwa yanachukuliwa humo. Damari alimwambia ameizima yeye, na kwamba mtu amefuta rekodi za mzee Mughwai wakati yeye yuko Mtinko. Aliuliza bahasha ya nywila aliyoiacha kwenye kabati la meneja iko wapi. Melkizedeki alisema ipo, haijafunguliwa, na kwamba mtu mwenye kazi ya kutunza vitu vya watu asitafute wa kumsingizia. Kisha akaongeza kwamba kama angekuwa ni yeye, angeona aibu kuvaa nguo nyeusi na kusema uongo kwa pamoja.

Damari alimwambia atoke. Alitoka, ila alikwenda moja kwa moja kwenye simu.

Mama Ritha alikuja Jumatano kutoka Manyoni, akaketi kwenye meza ya mikutano bila kuvua kilemba cha safari. Mughwai alikuwa upande mmoja, Melkizedeki upande mwingine, na Damari aliachiwa kiti cha mwisho karibu na mlango. Alieleza taratibu. Alisema namba za ndani na za nje. Mama Ritha alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo Melkizedeki alikuwa ameshamjaza: inakuwaje seva ya giga mia tisa igawiwe giga elfu moja na mia mbili? Nyingine ziko wapi? Zimekwenda nyumbani kwa nani?

“Mama, ni kama kijiji kilichogawa mashamba,” alisema Damari. “Kila ukoo umeahidiwa ekari zake, lakini bwana shamba anahesabu zile tu jembe lilipopita. Ukoo ukiacha kulima, bwana shamba hajui. Kwake ardhi ile imeguswa, basi. Rekodi za mzee zimefutwa kwenye daftari la ukoo. Udongo wenyewe haujageuzwa bado.”

Melkizedeki alicheka. Alisema watu wanatafuta redio, huyu anawapa kilimo. Mughwai hakucheka, ila alisema kwa Kinyaturu, akimwelekea Mama Ritha, kwamba binti huyu alimwahidi hivihivi kwa maneno matamu siku alipozichukua kaseti. Damari alielewa kila neno.

Mama Ritha aliamua. Kituo kilikuwa kimezimika dakika arobaini juma lililopita kwa sababu seva ilijaa, na yeye alipigiwa simu na mkuu wa wilaya. Hawezi kuendesha redio kwa giga tisa. Ataletwa fundi kutoka Dodoma airudishe nafasi. Damari akae nyumbani hadi Ijumaa, kisha aje akabidhi funguo na nywila.

Damari aliomba jambo moja tu: maktaba isiwashwe. Mama Ritha alisema fundi ndiye atakayeamua.

Fundi aliitwa Laurian, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye kujua kazi. Ijumaa saa nne na nusu asubuhi Damari alipofika na funguo zake alimkuta ameshaanza. Alikuwa ameihamishia mashine ya ofisi kwenye diski aliyokuja nayo ili seva ipate pumzi, akaiwasha maktaba, na ndani yake programu ilikuwa inakimbia, mstari wa kijani ukisogea polepole kwenye kioo.

Damari aliutambua mstari ule kabla hajaambiwa. Laurian alikuwa anajaza sifuri mahali pote palipo wazi ndani ya maktaba. Sifuri zikishajaa, seva inaweza kutambua kwamba pale hapana kitu, ikalibana faili na kurudisha nafasi. Ilikuwa njia sahihi. Kwa kazi aliyopewa, hata Damari mwenyewe angeifanya hivyo.

Alimwambia asimamishe. Alimweleza kilichokuwa chini ya sifuri zile. Laurian aligeuka na kumtazama meneja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu rekodi yoyote iliyofutwa.

“Endelea,” alisema Melkizedeki.

“Video za harusi zimeshatoka,” Damari alisema. “Ziache hukohuko kwenye diski yake. Nafasi imepatikana tayari. Maktaba haina haja ya kubanwa.”

Melkizedeki alisema diski ya Laurian inarudi Dodoma jioni. Damari alisema inunuliwe nyingine, dukani zipo. Melkizedeki alisema yeye hapangiwi na mtu aliyesimamishwa. Walibishana hivyo mlangoni, sauti zikipanda, Damari akirudi nyuma kwenye maelezo aliyokwisha kuyatoa, akiamini kwamba akipata maneno yanayofaa watamsikia. Ubishi ule ulichukua karibu dakika ishirini. Mstari wa kijani haukusimama hata mara moja.

Melkizedeki alipomshika mkono amtoe nje, Damari aliacha kubishana. Alijivuta, akapita nyuma ya meza, akang'oa waya wa seva kwenye betri.

Chumba kilinyamaza. Saa ile ilikuwa saa ya matangazo ya vifo, ambayo mkoa mzima husikiliza. Mtangazaji alikuwa ameanza kusoma habari za mazishi ya Mkiwa, na redio zote zikabaki zinakwaruza. Simu ya mapokezi ilianza kuita mara moja.

Seva ile ilikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, moja ikifa nyingine iendelee. Haikuwa kinga dhidi ya mtu anayefuta, maana hufutika kote kuwili. Lakini kwa dakika ile diski zote mbili zilikuwa zimelala zikiwa na kila kilichobaki. Damari alifungua kitasa cha mbele, akachomoa ya pili, akaitia kwenye mkoba, na kuziweka funguo mezani.

“Ukivuka huo mlango ni wizi,” Melkizedeki alisema.

“Washa hiyo iliyobaki,” alimwambia Laurian. “Italalamika, lakini itawaka.”

Akavuka mlango.

Hakwenda nyumbani kwake. Mtu mmoja tu mjini Singida alikuwa na haja na kilichokuwemo kwenye ule mkoba, na mtu huyo hakuitikia salamu yake. Mughwai alikaa upande wa Ziwa Kindai, nyumba ya tofali za kuchoma iliyojibana kati ya majabali mawili. Alikuwa uani na redio iliyonyamaza mkononi, akiizungusha kitufe. Alipomwona Damari alisema:

“Wewe ndiye umeizima.”

Damari alikubali. Alitoa diski na kumweleza imetoka wapi na kwa nini. Alisema fundi wa Dodoma alikuwa ameanza kufunika, na kwamba hajui amefunika kiasi gani. Alisema pia kwamba vitakavyotoka havitakuwa na majina, kwa sababu majina ndiyo yaliyofutwa. Vitatoka vipandevipande, namba tupu, na hakuna mtu duniani atakayejua ni sauti ya nani isipokuwa aliyezirekodi.

Mughwai alimwuliza alibishana nao muda gani kabla ya kuizima. Alimwambia.

“Kwa hiyo ulikuwa umesimama pale,” alisema Mughwai, “unaongea.”

Mkewe, bibi Yunisi, ndiye aliyemkaribisha ndani, akampa na mahali pa kulala.

Kesho yake asubuhi gari la Mama Ritha lilisimama mbele ya nyumba. Aliteremka yeye, Melkizedeki na Laurian. Melkizedeki alikuwa ameshataja polisi. Mama Ritha alisema atataja mwenyewe akitaka. Aliwasalimia wenye nyumba, akakaa kwenye kiti alichowekewa uani, na kumwuliza Damari kama ana la kusema kabla hajapelekwa mahali pabaya.

Damari alikuwa amewaza usiku kucha, lakini hakuwaza jinsi ya kujitetea. Alikuwa amewaza kuhusu giga tisa. Mtu mwenye nia mbaya angefuta rekodi anazozichukia na kuacha. Huyu, kwa alama alizoziona Damari ndani ya maktaba Jumatatu, alifuta 2003, kisha 2004, kisha 2005, akaenda mbele hivyo kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayetafuta kitu asichokipata. Alimgeukia Melkizedeki, na sauti yake haikuwa na ukali.

“Ulipofuta mwaka wa kwanza, seva ilikuonyesha imebaki tisa?”

Melkizedeki alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa swali la namna hiyo. Mdomo wake ulijibu kabla yake.

“Ilibaki tisa ileile,” alisema. “Nikafuta mwingine, tisa. Ningefanya nini? Haikusogea.”

Melkizedeki alijaribu kuendelea, akasema ameambiwa hivyo na watu, akasema anatoa mfano. Mama Ritha alikuwa ameshageuza uso. Laurian, ambaye hakuulizwa, alisema kwa heshima kwamba kumbukumbu za maktaba zinaonyesha mtu aliingia na nywila kuu Alhamisi ya juma lililopita, mchana, kwa kutumia kompyuta ya chumba cha meneja, na akafuta kwa saa tatu. Alisema aliliona hilo jana lakini hakujua lina maana gani.

Hapo Melkizedeki alikasirika kabisa, kama watu wanaokasirika wakishikwa. Alisema redio ilikuwa imekufa, simu zinalia, na huyu mwanamke yuko porini ambako hata mtandao haufiki. Seva ilisema imejaa. Alifuta vitu vikuukuu visivyo na msikilizaji, hadithi za vikongwe kuhusu njaa, ili watu wapate habari za leo. Kama mashine ilimdanganya, aliyeitengeneza ni nani?

“Haikukudanganya,” Damari alisema. “Ulikuwa unafuta ndani na kusoma nje. Ungefuta mpaka usiku isingesogea. Na harusi zako hukuzigusa.”

Mughwai alisimama. Wote walidhani atampiga meneja, na bibi Yunisi alimshika mkono. Mzee alisema kwa sauti yake ya redio, ile iliyotulia, kwamba mtu huyo asirudi tena nyumbani kwake, na hata akisikia kuna msiba, asije. Melkizedeki alikwenda kukaa ndani ya gari.

Mama Ritha alibaki kwa muda. Alimwambia Damari kwamba hatakwenda polisi, na diski abaki nayo hadi kazi iishe, kisha airudishe. Damari alidhani yamekwisha. Kumbe hayakuwa yamekwisha.

“Lakini kituoni hutarudi,” Mama Ritha alisema. “Leo alfajiri mtu wa Mkiwa amekuja amekaa sakafuni ofisini kwangu. Ndugu zake wa Itigi hawakusikia tangazo, wamefika kaburi limeshafukiwa. Nimwambie nini? Kwamba fundi wangu alikuwa na sababu?”

Damari mwenyewe alikuwa ametoka kuzika. Aliuliza kuhusu meneja, na Mama Ritha alisema hayo ni ya familia, atayamaliza kifamilia. Melkizedeki alibaki na kazi yake. Alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha mitambo tu, ukakabidhiwa Laurian, aliyekubali kuja mara mbili kwa mwezi.

Laurian aliagana na Damari pembeni. Alimwambia programu yake ilikuwa imefika kama theluthi moja ilipokatika. Alimpa kompyuta yake ndogo ya zamani na programu ya kuokolea mafaili, akasema atavichukua siku nyingine. Alionekana kutaka kusema zaidi, labda pole, lakini Damari alikuwa ameshaanza kufungua mkoba.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila asubuhi Damari alitembea hadi Kindai, akaketi kwenye meza ya chakula ya mzee Mughwai na kuisaka diski sehemu kwa sehemu. Kompyuta ilipopata kitu kinachofanana na sauti ilikitoa na kukipa namba. Damari alikicheza. Mughwai, akiwa ameegemea ukuta na macho yamefumba, alisikiliza sekunde tano, kumi, wakati mwingine kikohozi tu, kisha akataja jina, kijiji na mwaka. Hakukosea mara nyingi. Alimtambua mzee mmoja wa Mtinko kwa jinsi mbuzi wake walivyolia nyuma yake. Mara nyingine ilitoka sauti ya mwanamke aliyekuwa anaeleza jinsi alivyojifungua njiani wakati wa kuhamishwa, akafika mahali anasema, “Sasa mtoto alipo—” na baada ya hapo ukimya mtupu, dakika arobaini za sifuri.

Mughwai aliomba iachwe icheze ukimya ule mpaka mwisho. Damari aliiacha. Ilipoisha mzee alisema huyo alikuwa bibi Dorkas wa Ihanja, na kwamba yeye Mughwai alikuwa amesafiri kwake mara nne kabla bibi hajakubali kusema.

Hawakuzoeana. Damari alimwamkia kila siku, na tangu siku ya pili Mughwai alianza kuitikia marahaba, lakini aliitikia kama anavyolipa mtu deni la mwingine. Hakumwuliza habari za msiba. Chai alipewa na bibi Yunisi. Siku moja Damari, amechoka, alimwambia mzee kwamba hata yeye alikuwa na sehemu katika jambo hili: aliambiwa asikilize jinsi ya kuingia na kuangalia rekodi zake, akakataa kukaa mbele ya kompyuta miaka miwili, na kama angekuwa anaangalia angegundua siku ileile. Mughwai alimjibu kwamba mwizi wa ng'ombe naye humlaumu mwenye zizi kwa kulala. Siku hiyo hawakusemeshana tena isipokuwa majina ya waliokufa.

Mwishoni zilitoka rekodi mia tatu themanini na nane, nyingine nzima, nyingine vipande. Damari alitengeneza nakala tatu kwa fedha yake. Moja aliipeleka kwa Mama Ritha pamoja na diski ya seva, moja akampa Mughwai, moja akakaa nayo. Kwenye ile ya mzee alibandika orodha aliyoichapa, majina yote na vijiji vyao.

Mughwai aliisoma orodha amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma.

Damari alikuwa na jambo la kuomba na alijua hatapata nafasi nyingine. Mjini bado walisema yeye ndiye aliyefuta. Alikuwa amekwenda kuomba kazi hospitali moja na shule moja, na kote walimwuliza kama si yule wa redio; jioni hiyo alikuwa na safari ya Manyoni kutafuta chumba cha kuhamia. Neno moja la Mughwai lingetosha. Mzee alikuwa ameacha kazi Upepo FM na kituo kingine kilikuwa kimeshamwita. Angeweza kulisema hewani, au hata kwa watu wanaokuja kumsalimia tu. Alimwomba aseme kwamba si yeye aliyefuta.

“Nitasema nilichokiona,” alisema Mughwai. “Nilitoa mia sita na kumi na moja. Zimerudi mia tatu themanini na nane. Akiniuliza mtu, nitamwambia hivyo.”

“Na zilizorudi zimerudishwa na nani?”

Mughwai aliikunja orodha na kuitia mfukoni mwa koti. Alisema jua limekwenda, na kwamba mabasi ya Manyoni hayangojei mtu.

Damari alimuaga bibi Yunisi, akachukua mkoba wake. Wiki iliyofuata alihamia Manyoni, akapanga chumba karibu na stesheni, na kuanza kutengeneza kompyuta za watu kibarazani. Katika mwezi wake wa tatu huko alipata kazi katika kampuni ya wachimba visima, kwa watu ambao hawakuwa wasikilizaji wa redio. Walimpa seva yao. Siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa kitu, alibandika ukutani karatasi yenye namba za ndani na za nje zikiwa sambamba, na chini yake akaandika kwa kalamu nene kwamba mtu yeyote asifute kitu bila yeye kuwepo. Meneja wake mpya aliisoma akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumuudhi.

Damari alisema hapana, akaomba anunuliwe diski ya nakala za akiba.